Uzio wa heshima alioujenga Emuria kwenye waya

Jua la Lodwar halijaanza kuuma, na Emuria Lokuruka tayari anagombana na ruta. Ameilaza juu ya meza kama mbuzi anayetolewa mwiba. Anasugua matundu yake kwa mswaki uliochakaa, anapuliza, anapiga chafya, anapuliza tena.

"Hii imekula mchanga kuliko ngamia," anasema. "Halafu mwenyewe ananiuliza kwa nini inakohoa."

Kibanda chake cha mabati kiko hatua chache kutoka barabara ya Kalokol. Juu ya mlango kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake mwaka 2010: Daktari wa Mitandao. Mwezi Mei mwaka huu alichukua brashi na rangi nyeupe akafuta neno la kwanza. Kimebaki "wa Mitandao" tu, na wapita njia hawaachi kumuuliza ni nani huyo wa mitandao.

"Mimi," huwajibu. "Lakini cheo kimeondoka."

Leo ni Jumamosi. Saa tatu anafunga kibanda, anajifunga kitambaa usoni na kupanda pikipiki yake kuelekea Kakuma, safari ya kilomita zaidi ya mia na ishirini. Hakuna mteja anayemlipa. Mafuta ya kwenda na kurudi yanamla shilingi 1,200, na mwezi ukiwa mzuri sana Emuria huingiza elfu kumi na nane. Ukimuuliza anafuata nini, anajibu bila kuona haya:

"Naenda kumtazamia mtu televisheni."

Emuria ana miaka 34. Aliacha shule kidato cha pili pale ukame ulipomaliza mbuzi wa baba yake, akaenda Kitale kufagia kwenye duka la kompyuta. Alifagia miaka miwili. Mwaka wa tatu fundi wa pale alitoroka na droo ya mauzo, na tajiri akageuka huku na huku akitafuta mtu wa kuokoa mashine, akamwona mwenye ufagio.

"Nilijua kila waya unaenda wapi," anasema. "Nilikuwa nafagia chini yake kila siku."

Aliporudi Turkana mtandao ulikuwa bado kitu cha maofisi na mashirika. Kisha hoteli zikataka, maduka yakataka, na watu wenye pesa kidogo wakataka majumbani. Kufikia mwishoni mwa mwaka jana alikuwa amefunga mitandao ishirini na mitatu kati ya Lodwar na Kakuma, na sifa yake ilikuwa moja: yeye hachanganyi watu.

Ukitaka kujua mtandao ni nini, Emuria atakuuliza kwanza kama umewahi kufuga mbuzi. Anauchora chini kwa kijiti kama boma la Kiturkana: uzio mmoja mkubwa wa miiba, na ndani yake kila mke ana sehemu yake na lango lake. Mgeni wa mke mdogo hapiti kwa mke mkubwa. Wana-mbuzi wana zizi lao, mama zao lao.

Hivyo ndivyo alivyofunga mitandao. Wateja wa hoteli huku, mwenye hoteli kule. Wote wanatoka nje kwenda intaneti kupitia ruta moja, lakini ndani hawaonani. Wateja walimsifu kwa hilo, naye akavimba kama chapati kwenye mafuta.

Oktoba mwaka jana akaitwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na wafanyabiashara wawili kutoka Sudan Kusini: Ayuen na mkewe Achol. Wana duka la kuchaji simu, kutoa nakala na intaneti ya kulipia, lenye dishi juu ya paa na jenereta nyuma. Upande wa pili wa ua, nyuma ya uzio wa makuti, kuna chumba cha mama yake Achol, Mama Adeng, mwenye umri unaokaribia sabini.

Uzio ule haukuwekwa kwa ugomvi. Ayuen na Mama Adeng ni mkwe na mama mkwe, na kwa desturi ya Wadinka wa nyumba hiyo watu wawili hao huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Hawaketi chumba kimoja. Ayuen akitaka kupita upande ule hukohoa kutoka mbali, na mama hujifunika shuka hadi apite. Ayuen ndiye anayemnunulia mama dawa, sabuni na chai, lakini vyote hupita mikononi mwa Achol.

Emuria aliona hayo yote siku ya kwanza na akayaelewa upesi, maana hata kwao mkwe ni mtu wa kuchungwa. Akafungua begi lake la waya na kufanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

"Nikasema, haifai vitu vya mama mkwe na vitu vya mkwe kukaa boma moja," anasimulia. "Nikaweka kompyuta ya duka upande wake. Kile kisanduku kinachoingiza intaneti kwenye televisheni ya mama nikakiweka upande wa mama, na uzio katikati. Nilifanya kwa heshima. Sikumwambia mtu, kwa sababu heshima haitangazwi."

Anatikisa kichwa.

"Hata kuandika sikuandika. Miezi sita baadaye hata mimi nilikuwa nimesahau."

Kwa miezi hiyo sita hakuna aliyeuona uzio huo, kwa sababu mama alitumia televisheni kwa kitu kimoja tu: redio ya kanisa ya Kidinka, iliyokuja kupitia intaneti na kutokea kwenye spika. Ilipita vizuri. Kisha, Machi mwaka huu, akapatikana Malual.

Malual ni mtoto wa kwanza wa Mama Adeng. Walipotezana mwaka 1991 katika vita vya Bor, yeye akiwa na miaka tisa na Achol akiwa bado mgongoni. Mama alimtafuta kwenye kila orodha ya kila shirika tangu afike Kakuma. Mwaka huu jibu likaja: kuna mwanamume huko Bor, jina lake Malual, ana mke, ana ng'ombe, na anasema mama yake aliitwa Adeng.

"Malual wa Adeng ni wengi," Achol anasema. "Kwetu ukiita jina hilo sokoni, nusu ya soko inageuka. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, sijui sura. Baba alikufa. Anayemjua ni mama peke yake."

Mama angemjua kwa kitu kimoja. Malual akiwa mdogo alimwagikiwa na uji wa moto, ukamwachia kovu kwenye kidevu, upana wa jani la mwarobaini.

Malual akajirekodi video ya dakika arobaini. Intaneti ya dukani iliivuta siku tatu, kidogo kidogo, hadi ikatulia ndani ya kompyuta ya Ayuen. Kilichobaki kilikuwa kuvusha ile picha hatua thelathini tu, kutoka kompyuta ya duka hadi televisheni ya mama.

Na ilibidi ivuke upesi. Mama Adeng ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na daktari alikuwa amemwambia Achol kwamba la kulia nalo linafunga polepole na halitafunguka tena. Kwenye simu hakuweza kuona kitu. Kwenye televisheni kubwa, akisogea karibu, aliona. Wiki ile video ilipofika alikuwa bado anaweza kuhesabu vifungo vya blauzi ya Achol.

Achol akawasha kisanduku. Kikatafuta. Kikasema hakuna kitu. Akampigia Emuria.

"Fundi, nyimbo za kanisa zinaingia, lakini Malual hataki kuingia."

Emuria alikuwa Lodwar, juu ya ngazi, na mdomo umejaa vibanio vya waya. Aliuliza maswali mawili na kutoa hukumu.

"Hicho kisanduku kimekufa nusu. Naagiza kingine Nairobi."

"Na nikiweka kwenye flash je?"

"Tundu lake si liliziba mchanga? Haliingizi."

"Basi nibebe tu kompyuta nimpelekee mama. Ayuen anaweza kutoka nje, mimi nibebe."

Emuria hulifikia jambo hili kila mara, na kila mara sauti yake hushuka.

"Kompyuta ile ndiyo ilikuwa inashika wateja wote wa duka. Niliogopa ataharibu mpangilio wangu. Nikamwambia, usiguse. Nikamwambia hivyo mara mbili. Usiguse kitu, dada, mimi nakuja."

Achol hakugusa. "Mtu akikuambia yeye ni daktari," anasema, "utabisha na nini?"

Kisanduku kipya kilichukua siku kumi kufika. Mvua za Aprili zikafika nacho. Laga, mto wa msimu, ilijaa njiani na Emuria akakaa siku nne ng'ambo ya maji, kisanduku akikikumbatia ndani ya mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga, akihesabu malori yaliyokwama. Alipovuka akakifunga kile kipya, ambacho hakikuwa na tundu la flash. Kikatafuta. Hakuna kitu.

Akaulaumu waya. Akavuta mwingine. Hakuna kitu. Akalilaumu joto. Akailaumu televisheni yenyewe, akamwambia Mama Adeng kwa Kiswahili cha polepole, akiigonga ubavuni: "Mama, tivi hii ni mbovu."

Mama akaipapasa ile televisheni. "Mbovu?" akauliza. "Na kanisa linaimba?"

Emuria akacheka. Anasema kicheko hicho bado kinamrudia.

Akarudi Lodwar kutafuta televisheni ya kuazima. Jioni hiyo alimlalamikia mkewe, Akai, aliyekuwa akisuka kikapu cha mkoma mlangoni. Akai hajawahi kushika kompyuta. Alisikiliza hadithi ya visanduku viwili, nyaya mbili na mto mmoja bila kuinua uso.

"Hiyo tivi na hiyo kompyuta ni majirani?" akauliza.

"Majirani gani? Ni nyumba moja."

"Kwenye waya wako pia ni nyumba moja? Maana wewe nakujua. Wewe hata ukipewa kuku wawili unawajengea nyumba mbili."

Emuria hakukigusa chakula alichowekewa.

Jambo lenyewe ni rahisi, na ndiyo maana linauma. Kisanduku cha televisheni kikitaka picha hupaza sauti: nani hapa ana picha? Kompyuta yenye picha huitikia: mimi. Lakini sauti hiyo huishia kwenye uzio wa boma lake. Kisanduku cha mama kilikuwa kikiita kila siku, kwa wiki tano, na kompyuta yenye Malual ndani yake ilikuwa hatua thelathini pembeni, haisikii kitu. Intaneti ilipita kwa sababu lango la nje lilikuwa wazi. La ndani halikuwapo. Emuria mwenyewe ndiye hakuliweka.

Asubuhi yake alifika Kakuma kabla duka halijapata mteja wa kwanza. Dawa aliijua: kadi ya pili ya mtandao ndani ya kompyuta ya duka, ili mguu mmoja ukanyage boma la mkwe na wa pili boma la mama mkwe. Lakini hapo heshima ikamshika tena shati. Akamwita Ayuen pembeni, chini ya dishi.

"Ejok," akaanza kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok-nooi, fundi. Mbona umevaa uso wa matanga?"

"Nataka ruhusa. Hii kompyuta yako, nataka iingie kwa mama."

Ayuen akamtazama. "Iingie wapi?"

Emuria akaeleza yote: boma, uzio, mkwe na mama mkwe. Ayuen akasikiliza hadi mwisho, mdomo wazi. Kisha akashika nguzo ya dishi na kucheka hadi akakaa chini.

"Fundi! Kompyuta si mimi! Kompyuta imemuoa Achol lini?"

Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu wote wawili walihesabu wiki kwa wakati mmoja.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?" Ayuen akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Nilijua tu."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Kadi ilichukua dakika ishirini. Kisanduku kikaita, kompyuta ikaitikia, na uso wa mwanamume ukajaa kioo cha televisheni, ukiwa na mwarobaini nyuma yake na ng'ombe mweupe akipita. Achol akapiga kelele. Akamshika mama yake mabega na kumsogeza hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

Mama Adeng akatazama. Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, kama mtu anayetafuta ufa kwenye ukuta. Kisha akauliza kwa upole: "Mmewasha?"

Alikuwa ameuona mwanga. Mwanga peke yake. Kwa muda wa zile wiki tano, lile dirisha dogo lililobaki kwenye jicho la kulia lilikuwa limefunga.

Achol akalia. Ayuen alikuwa nje ya uzio wa makuti, mahali ambapo desturi inamruhusu kusimama. Emuria anasema alitamani ardhi ya Kakuma, ambayo hupasuka bila kuombwa, ipasuke hapo alipo.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza. Akampapasa Emuria, akampata mkono, akamvuta chini aketi.

"Wewe una macho," akasema. "Sema. Mimi nasikia."

Basi akasema. Kwa dakika arobaini fundi wa waya aligeuka mtangazaji. Amevaa shati la bluu, mama. Amesimama. Mrefu, anainama kupita chini ya tawi. Sasa mkewe anakuja, ana mtoto. Anamnyanyua. Achol akatafsiri maneno ya Malual mwenyewe: mtoto huyo ni msichana, na jina lake ni Adeng.

"Kidevu," mama akasema. "Kidevu kina nini?"

Emuria akasogea kwenye kioo. Achol naye akasogea. Wakatazamana.

"Ana ndevu, mama," Emuria akasema. "Nyingi."

Mama Adeng akafikiri. Halafu akatoa amri ya kwanza ya kimama kwa mwanaye baada ya miaka ishirini na miwili.

"Mwambieni anyoe."

Malual alinyoa. Video ya pili ilikuja Juni, na safari hii ikavuka ua bila kukwama. Emuria aliendesha pikipiki makusudi kuja kuitazama. Kovu lilikuwapo. Akalieleza kwa furaha yote aliyonayo: liko hapa, mama, chini ya mdomo, lina umbo la jani, ni jeupe kidogo kuliko ngozi.

Alingoja mama aruke. Mama hakuruka. Alimgeuzia uso, akatabasamu kidogo, na kusema bila hasira yoyote:

"Fundi, wewe pia ulisema tivi ni mbovu."

"Angenitukana ningeshukuru," Emuria anasema. "Alisema ukweli. Nilizungumza kwa sauti ileile niliyotumia kuhusu tivi. Sauti ya mtu anayejua. Sasa hata nikisema kweli, haina uzito."

Na Achol? Naye aliliona kovu. Lakini mama anasema Achol anataka kaka sana kiasi kwamba angeliona kovu hata kwenye kidevu cha mbuzi.

Tangu hapo Emuria huja Jumamosi mbili kila mwezi. Malual hutuma video, na Mama Adeng hukaa mbele ya televisheni asiyoiona, mgongo wima, akisikiliza maelezo kama hakimu asikilizaye shahidi aliyewahi kudanganya. Huuliza maswali ya mtego. Ng'ombe yule pembe zake zikoje? Mtoto anashika chakula kwa mkono gani? Emuria hujibu anachokiona tu. Asichokiona, anasema sikioni. Anakiri kwamba neno hilo moja lilimchukua miaka thelathini na minne kujifunza.

Siku nyingine za wiki anayapitia majumba yake ishirini na matatu. Haombi malipo. Anabisha hodi, anaketi na mwenye nyumba, anamwuliza swali ambalo hakumwuliza mwanzoni: ndani ya nyumba hii, nani anataka kumfikia nani? Kisha anachora ramani ya mtandao kwa kalamu nene, anaibandika ukutani kando ya ruta, ili hata yeye akifa leo mtu aone uzio uko wapi. Amemaliza kumi na moja. Kwenye nyumba mbili aligundua watu walikuwa wamenunua televisheni mpya kwa kuambiwa na yeye kwamba za zamani zimeharibika.

"Nilizipima tena zile za zamani," anasema. "Zote mbili nzima."

Anapofika Kakuma leo, saa sita kasoro dakika chache, Ayuen anampokea kwa utani wake wa kawaida: "Fundi, karibu. Leo umetuletea uzio?" Emuria anacheka inavyompasa, anakunywa maji, anakohoa kabla ya kuvuka upande wa pili. Anakohoa siku hizi kama mkwe.

Lakini leo hakuna video. Kuna simu. Malual ameuza fahali wawili na amepata nafasi kwenye lori. Atatoka Bor tarehe 20 Desemba, apite Juba, avuke mpaka wa Nadapal, na Krismasi imkute Kakuma. Achol anairudia habari hiyo mara tatu. Mama Adeng amekunja mikono mapajani, na kidole gumba cha kulia kinatembea polepole juu ya ngozi ya mkono wa kushoto, mbele na nyuma, kama kinachojikumbusha kazi.

"Macho yamekwisha," anasema hatimaye. "Hivi vidole bado."

Emuria ameomba jambo moja: yeye ndiye aende Lokichoggio, mji ulio karibu na mpaka, kumpokea Malual na kumleta kwa pikipiki. Amebadilisha tairi la nyuma. Amenunua kofia ya pili ya pikipiki, na imening'inia pale kibandani Lodwar kwenye msumari, chini ya kibao kisicho na cheo, bado ndani ya nailoni yake.

Anasema ameipanga siku hiyo yote. Atapiga honi mbali. Atasimama nje ya uzio wa makuti pamoja na Ayuen, na Malual ataingia peke yake.

"Na mimi sitasema kitu," anasema Emuria, mtu ambaye Lodwar nzima inamjua kwa mdomo wake. "Hata salamu. Nitangoja nje mpaka mama aseme."